Kule, Nchi ya Karatasi

Asubuhi moja mkubwa wetu wa ofisi aliniita, akafunga mlango, akaniambia kwamba katika safari ya Iringa nitaonyesha filamu ya Kule, na kwamba nikishika kipaza sauti niwaambie watu kuwa mji wanaouona ndio kijiji kipya wanachotakiwa kuhamia. Nilijua mji ule haupo. Nilijua kwa sababu nilikuwa nimesaidia kuukata kwa mkasi. Nikajibu, "Ndiyo, mzee."

Ningeweza kukataa. Kwa miaka mingi nimejitafutia sababu na hakuna hata moja inayosimama. Asingenifukuza kazi. Angenuna kidogo, kisha angetafuta mtu mwingine, na pengine asingempata, maana sauti iliyozoeleka vijijini ilikuwa yangu. Nilikubali kwa sababu aliniahidi mikebe ya filamu mpya kwa ajili ya rafiki yangu, na kwa sababu nilipenda kusifiwa. Ile ya kwanza nilimwambia kila mtu. Ile ya pili naiandika leo.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Katikati ya miaka ya sabini nilifanya kazi kwenye gari la sinema, makao yetu yakiwa Mbeya. Tulikuwa na Land Rover, jenereta, mashine ya kuonyeshea filamu na shuka jeupe ambalo tulilitundika kwenye ukuta wa ghala au baina ya miti miwili. Filamu zilikuwa za vyoo, kahawa, chanjo na mbolea, nyingi zikiwa kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya shuka na kueleza kwa Kiswahili, na tukiwa Uhehe, kwa Kihehe pia, maana wazee wengi Kiswahili walikisikia redioni tu. Watu hawakuniuliza kama ninayosema ni kweli. Gari lilikuwa la serikali, na mimi nilikuwa mdomo wa gari.

Rafiki yangu alikuwa mchoraji wa mabango wa ofisi, Mngoni kutoka Songea, amenizidi umri kidogo. Siku niliyoripoti kazini alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akamuuliza dereva, "Kumbe siku hizi wanaajiri na Wahehe? Amekuja na kamba yake ya kujinyongea au tumtafutie?"

Nikamjibu, "Kamba ninayo, ila nimeambiwa kuna Mngoni mmoja humu, ndiye wa kufungwa."

Basi ikawa hivyo. Zamani wazee wa kwetu na wa kwao walipigana, na kilichobaki kwetu wajukuu ni utani. Hakuniita kwa jina langu hata mara moja, wala mimi lake. Yeye alikuwa Mngoni, mimi Mhehe. Nikichelewa aliniambia nimechelewa kwa sababu kabila zima lilizaliwa limechelewa. Chai yake ikiwa mezani nilikunywa, naye hakuwa na la kusema, ni haki ya mtani. Nilikuwa kijana wa chumba kimoja cha kupanga Ilomba, mbali na kwetu, na matusi yale ndiyo yaliyonifanya nijisikie nina ndugu mjini.

Nyuma ya ofisi kulikuwa na stoo. Mtaalamu mmoja wa kigeni aliporudi kwao aliacha humo kamera ya filamu, ya kujaza kwa ufunguo kama saa ya mezani. Ofisini waliiona mbovu kwa sababu ilikuwa na kitufe cha kupiga picha moja moja. Mngoni akaiomba. Aliweka meza ndefu, akafunga kamera kwenye fremu ya mbao ikitazama chini, akawasha taa mbili, akaanza kutengeneza nchi.

Aliiita Kule. Hakuongeza neno. Ukimuuliza kule wapi, alijibu, "Kule."

Nchi yenyewe ilikuwa ya maboksi ya sabuni, karatasi za manila, vitambaa na magome ya miti. Gundi tulipika kwa unga wa ngano. Mto ulitokana na karatasi ya kung'aa iliyo ndani ya pakiti za sigara, na kwa kuwa yeye hakuvuta, mimi nilivuta kwa ajili ya mto. "Vuta, Mhehe, tumefika kwenye kona, maji yanakwisha." Unaweka kipande mezani, unapiga picha mbili. Unakisogeza kwa unene wa ukucha, unapiga mbili nyingine. Ukifanya hivyo tangu asubuhi hadi saa tisa, ng'ombe anatembea hatua chache tu kwenye shuka. Kazi yangu ilikuwa kubonyeza kitufe na kutopumua. Vipande vilikuwa vyepesi, pumzi ya mtu iliweza kuhamisha mlima.

"Usipumue!"

"Nitakufa."

"Kufa, lakini pole pole, usitikise meza."

Huko Kule, mto ulipanda kilimani kila asubuhi, ukapita mlango kwa mlango, jioni ukarudi bondeni kulala. Hakuna mwanamke aliyebeba ndoo. Ng'ombe walikuwa na taa kwenye ncha za pembe na ndio waliomulika njia. Ukungu wa asubuhi, ule unaotusumbua sisi wa nyanda za juu mpaka saa nne, huko ulikunjwa kama blanketi na kuwekwa juu ya paa. Nyumba zilikuwa nyingi, kila moja na rangi yake ya mlango. Sauti ya mto tuliipata kwa kumimina mchele kwenye ungo karibu na kinasa sauti, na mchana tukaupika mchele ule ule.

Watu hawakuwepo. Alisema watu ni wagumu, atawatengeneza mwisho, filamu ikipatikana. Tulikuwa tukitumia mabaki tu, vipande vilivyobaki kwenye mikebe ya kazi za ofisi, na ili filamu isafishwe ilibidi ipelekwe Dar es Salaam, tukasubiri miezi. Kwa hiyo Kule ilikuwa na nyumba, milango ikiwa wazi, na hakuna aliyeingia wala kutoka. "Mtu wa kwanza kumweka nitamchora wewe," aliniambia, "ili nchi ianze na kosa."

Alinifundisha kutazama, na hilo namshukuru mpaka leo. Hakujua ng'ombe anainuka vipi kutoka chini, miguu ipi inaanza, hivyo tulipopita Usangu alimwomba dereva asimame. Kulikuwa na wafugaji waliohamia pale kutoka kaskazini na makundi yao. Tukalala kwenye nyasi, tukawangoja ng'ombe waliolala waamke. Mwenye ng'ombe akaja na fimbo yake begani.

"Mnataka kununua?"

"Hapana, mzee," Mngoni akasema. "Tunataka kuona anavyosimama."

"Halafu?"

"Halafu basi."

Yule mzee alitazama namba za gari letu, akatikisa kichwa. "Serikali sasa imekosa kazi kweli." Lakini alimpiga kofi ng'ombe mmoja mgongoni ili ainuke, na tulipoomba tena akamlaza na kumwinua mwingine, mpaka akawa anatueleza mwenyewe, "Tazameni, wa nyuma kwanza. Mbele anapiga magoti kama anaswali." Nilikuwa nimekua na ng'ombe nyumbani na sikuwahi kuliona hilo. Tangu siku ile sijamtazama mnyama wala mtu akiinuka bila kuona kazi inayofanyika mwilini mwake. Mke wangu alipougua miguu uzeeni, nilijua pa kumshika kabla hajaniambia.

Filamu ilipofika urefu wa kutosha, tukaanza kuionyesha baada ya zile za ofisi, kama peremende baada ya dawa. Hapo Mngoni aliweka sharti moja. Kabla ya mashine kuwashwa lazima nitangaze hivi: "Ndugu zangu, mtakachokiona sasa hakipo popote. Tumekitengeneza mezani." Kisha yeye anapita mbele ya taa na ng'ombe wa karatasi mkononi, anawaonyesha upande wa nyuma ulioandikwa jina la sabuni. Nilimwambia anaharibu utamu. Alinijibu bila utani kidogo, jambo la nadra: "Kule ni mahali pa kupumzisha macho. Si mahali pa kwenda. Mtu akidhani anaweza kwenda, nimemwibia."

Na utamu haukuharibika. Chunya tulionyesha kwenye uwanja wenye vumbi hadi magotini, wachimbaji wametoka mashimoni na wakulima wa tumbaku wamekuja na watoto. Waliona boksi la sabuni, wakacheka, kisha mashine ilipowaka wakanyamaza kabisa. Mto ulipoanza kupanda, mchimbaji mmoja akapaza sauti gizani:

"Bwana sinema! Huo mto ukipanda huko juu, dhahabu inabaki wapi?"

Mngoni akaninyang'anya kipaza sauti. "Inabaki chini, inamngoja mvivu kama huyu Mhehe akaiokote."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na wakataka irudiwe. Tukairudia. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua kuwa ni furaha, nilidhani ni kazi tu.

Sasa nirudi kwenye ile "ndiyo" yangu. Mkubwa alikuwa ameona watu wanavyoipenda Kule. Huo ulikuwa wakati serikali inawahamishia watu kwenye vijiji vipya, na upande wa Iringa kulikuwa na wazee waliosita kuacha maboma yao. "Hawa hawataki hotuba," aliniambia. "Waonyeshe nyumba. Waonyeshe maji mlangoni. Wewe wape maneno, ndugu, sauti unayo." Mngoni hakuwa kwenye safari hiyo, alibaki Mbeya na mabango. Nilipokuwa napakia mikebe alikuja kwenye gari na ng'ombe wake wa karatasi.

"Usisahau kuwaonyesha mgongo wake."

"Sisahau."

"Ukisahau, mimi na wewe basi."

Nilicheka. Kila siku aliniambia mimi na yeye basi, kwa chai, kwa kiberiti, kwa kuchelewa. Nikamwambia Wangoni ndio wanaosahau, hata njia ya kurudi kwao walikotoka waliisahau. Yeye hakucheka. Niliona kwamba hakucheka, nikapanda gari.

Tulilala Nyololo kwa sababu ya tairi, kesho yake tukaacha barabara kuu na kupanda kwenye kijiji kimoja ambacho sitakitaja. Giza lilipoingia tukawasha jenereta. Ng'ombe wa karatasi nilimwacha ndani ya gari. Niliposhika kipaza sauti, maneno ya mtani wangu yalikuwa tayari mdomoni, mtakachokiona sasa hakipo popote, nikayameza, nikasema, "Ndugu zangu, hiki ndicho kijiji chenu kipya."

Watu wale hawakuwa wajinga. Waliona kabisa kuwa ni michoro, na mmoja alisema kwa sauti kuwa ng'ombe wenye taa ni mchezo. Lakini walikuwa wamekwisha kuona ramani za barabara na za shule, wakajua kuwa serikali kabla ya kujenga huchora. Mto unaopanda waliuelewa kuwa mabomba. Nyumba zenye milango wazi na zisizo na mtu walizielewa kuwa zinawangoja wao. Nami nikawaeleza hivyo hivyo, kwa Kihehe kizuri kuliko nilivyowahi kukisema.

Bibi mmoja mjane, amejifunga blanketi begani kwa baridi, alisogea mpaka karibu na shuka. "Mwanangu, ile ya mlango wa bluu, pale juu, ina mtu?"

Hakuna aliyeniagiza kujibu hilo. Mkubwa alikuwa Mbeya. "Haina mtu, mama," nikasema. "Chagua tu."

"Basi niandikie hiyo."

Wakacheka, nikacheka. Wengine nao wakaanza kuchagua, mlango mwekundu, mlango wa kijani, wakigombana kwa utani nani atakuwa jirani wa nani. Niliondoka pale nikijiona hodari. Kijiji kile kilihama mapema kuliko vyote, kabla mtu yeyote hajasukumwa. Mkubwa alinipongeza mbele ya ofisi nzima na mikebe ya filamu mpya ikaletwa stoo. Mngoni alipoiona alikaa chini. Aliishika mmoja mmoja. "Mhehe," alisema, "sasa tutaweka watu." Sikumwambia ilivyopatikana. Nilimwambia mkubwa ameipenda kazi.

Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha yule bibi alipokuja Mbeya. Alipanda lori la mbao na mwanawe mkubwa, wakaulizia ofisi ya sinema, wakaletwa stoo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na Mngoni yuko mezani akikata mkono wa mtu, mtu wa kwanza wa Kule.

"Wewe ndiye fundi?" bibi akamuuliza Mngoni.

"Fundi wa nini, mama?"

"Wa nyumba yangu. Ile ya mlango wa bluu. Tumehama, tumekuta nguzo tu zimechomekwa. Maji yako mbali kuliko yale ya kwetu. Nimekuja kuuliza mtaanza lini, maana mianzi yangu ya kugema nimeiacha, ulanzi unamwagika chini hakuna wa kuukinga, nami niko chini ya turubai na wajukuu."

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeulizia ratiba ya basi. Mngoni alinigeukia. Nilitaka kusema neno, nikakohoa tu, na bibi akanitazama, akasema kwa upole, "Sauti yako naijua, mwanangu. Ndiwe uliyeniandikia."

Mngoni alifungua boksi, akatoa ile nyumba. Ilikuwa ndogo kama kiberiti. Akaiweka kwenye kiganja chake. "Mama, ni hii. Hakuna nyingine. Nilitaka watu waambiwe."

Bibi aliichukua, akaigeuza, akaona nyuma yake maandishi ya sabuni. "Ni nzuri," alisema. "Mlango umeuweka vizuri." Akairudisha mezani taratibu, akamwambia mwanawe waende wakawahi lori.

Tulipobaki wawili nilijaribu njia niliyoizoea. "Mngoni, leo umekula nini, mbona uso hivyo?"

"Ndugu," aliniambia. Hilo neno sote tuliitana nalo ofisini kila siku, lakini yeye hakuwahi kunipa. "Ndugu, uliwaambia kuwa hakipo popote?"

"Mkubwa aliniagiza."

"Sikuuliza habari za mkubwa."

"Nilitaka upate filamu. Ulikuwa unahitaji filamu."

"Na mlango wa bluu? Huo nao alikuagiza?"

Alifunika kamera kwa kitambaa, akavipanga vile vipande kwenye boksi, mlima juu ya mlima, na ule mkono aliokuwa ameukata akauweka mfukoni. Ile mikebe mipya aliibeba hadi mezani kwa mkubwa, akaiacha pale. Baada ya hapo aliomba uhamisho kwenda Songea, akapata. Katika wiki alizobaki hakunitukana hata mara moja. Alinipisha mlangoni. Alinikaribisha chai. Mtu ambaye si mtani hawezi kujua adhabu hiyo ilivyo.

Miaka mingi baadaye nilikutana naye stendi ya Iringa, nywele zimekuwa nyeupe kabla ya zangu. Nilimwambia, "Mngoni, bado hujafungwa tu?" Alinipa mkono kwa heshima. "Habari za siku nyingi, ndugu. Familia haijambo?" Tukaongea habari za mahindi mpaka basi lake lilipopiga honi. Nilimwomba radhi pale pale, kelele za makondakta zikiwa zimetuzunguka, akasema alikwisha kusamehe zamani. Naamini alisema kweli. Alisamehe, ila utani hakuurudisha.

Namshukuru hata hivyo. Yale yote niliyojua kuyaona vizuri, ng'ombe anayeinuka, ukungu unaokunjika kwenye mabonde ya Mufindi, uso wa mtu anayetazama kitu kizuri gizani, nilijifunza nikiwa nimebana pumzi kando ya meza yake. Ningekufa bila kuyaona kama asingenipa kitufe kile nibonyeze. Kwa yule bibi sina hata shukrani ya kutoa. Nilirudi kijijini kwake baadaye kumwomba radhi na kusaidia kusimamisha nyumba yake, nikaambiwa amehamia kwa binti yake, upande wa Njombe.

Kifo chake Mngoni nilikisikia kwenye matangazo ya vifo ya redio, siku moja baada ya mazishi. Katika desturi zetu, Mngoni akifa, Mhehe wake hutafutwa popote alipo. Ndiye anayekaa juu ya udongo na kukataa marehemu asizikwe mpaka apewe chochote, ndiye anayemwigiza alivyotembea na alivyosema, waliofiwa wacheke katikati ya kilio. Kwake alikuwapo Mhehe mwingine, jirani yake wa Songea. Mimi hakuna aliyenitafuta, kwa sababu nyumbani kwake hakuna aliyejua kwamba aliwahi kuwa na mtani Mbeya. Uamuzi ule ulinigharimu rafiki pekee niliyewahi kuwa naye nje ya ukoo wangu, na Kule haikupata watu.